Kompyuta ya Maktaba Inayosema

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkutubi katika maktaba ndogo ya umma yenye kompyuta nne. Mwezi uliopita alifika kijana asiyeona akaniomba nimfungulie kompyuta yenye sauti. Nilimjibu kwamba hatuna, wala hatuna fungu la kuinunulia. Akashukuru, akatoka huku akipapasa ukuta. Jibu langu limenikaa rohoni tangu siku hiyo. Je, kompyuta ya namna hiyo ni bei gani, na nani atatufundisha kuitumia?

JIBU: Ndugu mkutubi, kompyuta aliyoiomba kijana huyo mnayo tayari. Ikiwa inatumia Windows 10 au toleo la baadaye, bonyeza kwa pamoja Ctrl, kitufe cha Windows na Enter, nayo itaanza kusema, kwa kuwa programu ya Narrator imo ndani yake. Hata hivyo, wengi wetu tusioona tunapendelea NVDA, programu nyingine ya kusoma skrini kwa sauti, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, asiyeona kama sisi, ili mtu asilazimike kulipa fedha nyingi ndipo aweze kusoma kilicho kwenye skrini. Hutolewa bure, na hata ikiwekwa kwenye flashi hufanya kazi, mradi kompyuta zenu hazijafungiwa flashi.

Panapowakwaza wengi ni kwenye sauti. NVDA huja na eSpeak NG, kisomaji kinachogeuza maandishi kuwa sauti, ambayo inasema Kiswahili, lakini isipochaguliwa, maneno yetu yanaweza kusomwa kwa matamshi ya Kiingereza, na msikilizaji mgeni akadhani mashine ni mbovu. Bonyeza Insert, Ctrl na S, chagua eSpeak NG, kisha katika mipangilio ya sauti chagua Kiswahili. Ni sauti kavu, ya kimashine kabisa, ila sikio huizoea. Barua yako nimeisikiliza kwa sauti hiyohiyo.

Kuhusu mafunzo, kijana aliyeomba kompyuta yenye sauti bila shaka anajua kuitumia. Vidole vyake vitajitafutia vile vinundu viwili vidogo vilivyo kwenye herufi F na J, na kutoka hapo ataifahamu kibodi yote bila kushikwa mkono. Ninyi mpatieni hedifoni, na msiizime programu kwa sababu tu mmesikia kompyuta ikijisemea.

Kazi ngumu zaidi ni vitabu. Ukurasa uliopigwa picha tu, kwa programu hizi si maandishi, hivyo hausomeki mpaka ugeuzwe kuwa maandishi. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania na Kenya zimejiunga nao, unazitaka nchi wanachama ziweke katika sheria zao ruhusa ya kutengeneza nakala zinazosomeka na wasioona bila kumwomba mwenye hakimiliki. Waulizeni wakubwa wenu wa kazi ruhusa hiyo imefikia wapi kwa maktaba yenu.

Lakini kwanza mtafuteni kijana huyo. Kama hakuacha namba ya simu, pelekeni ujumbe kwa chama cha wasioona kilicho karibu nanyi, mkitaja siku mnazofungua na kompyuta ipi inasema.