Acheni kumpa mtoto jina la mama

Wadogo zangu wa kitaluni, juzi nimekuta trei nzima ya miche ya helebori, ule mmea wa maua wa bustani, iliyookotwa chini ya mmea wa jina, yaani wa aina teule iliyopewa jina lake, na kila chungu kimepachikwa lebo yenye jina hilohilo. Nimezing'oa lebo zote. Kabla hamjaandika nyingine, nisikilizeni.

1. Chotara zetu si Helleborus orientalis, hata kama ndivyo zilivyouzwa. Hiyo ni spishi ya porini, ya Ugiriki, Uturuki na Kaukazi. Andikeni Helleborus × hybridus, na hiyo katikati ni alama ya kuzidisha, si herufi.

2. Rangi iwe ya mwisho kutazamwa. Anzeni na shina: ua likikaa kileleni mwa shina lenye majani, fikirieni spishi nyingine za helebori, foetidus au argutifolius. Majani na vikonyo vya maua vikichomoza kila kimoja peke yake kutoka ardhini, pindueni ua mtazame vijani, yaani majani madogo, vilivyo chini yake. Vya spishi ya niger vina ukingo laini. Vya × hybridus vina meno kama ya msumeno. Tena, hizo mnazoziita petali ni sepali, yaani vifuniko vya nje vya ua. Petali zenyewe ni vile vikopo vidogo vya nekta vinavyozunguka stameni, viungo vya kiume vya ua. Ua likishachavushwa vikopo hudondoka, sepali hubaki na kugeuka kijani, kwa hiyo msiandike rangi ya ua lililokwisha zeeka.

3. Hili linaniuma mpaka leo. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na helebori moja ya jina, iliyopatikana kwa kugawa kichaka, nyeusi kama zabibu iliyoiva. Nikaokota miche chini yake, nikaiandika jina lile kwa mkono wangu, nikawagawia wenzangu. Mche wa mbegu huchukua kama miaka mitatu kuchanua, na miaka yote hiyo walinishukuru. Ilipochanua, mmoja ulikuwa waridi wenye madoadoa, mwingine kijani kilichofifia, na hata mmoja haukuwa mweusi. Mama nilimjua, lakini baba nyuki ndiye amjuaye! Nikapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi na kuchukua lebo zangu. Nyumba ya mwisho nikamkuta mwenzangu ameshavuna mbegu za mche ule na kuwapa watu wengine wanne, kwa jina lile. Wawili sikuwapata kamwe.

4. Jina la kaltiva, yaani la ile aina teule, huenda na kipande kilichogawanywa au mmea uliokuzwa maabara kwa tishu. Mche wa mbegu uandikeni "mche wa", kisha jina la mama na mwaka. Tumieni penseli, wino hufutika. Mbegu zipandwe zikiwa bichi, na vaeni glavu. Utomvu wake huwasha na mmea mzima una sumu.

Lebo nilizong'oa ziko mezani kwangu. Nimewawekea penseli kando yake.