Limfu si uchafu: majibu ya maswali yenu

Je, limfu ni damu isiyo na rangi?

Hapana. Ni majimaji yaliyovuja kutoka kwenye kapilari, yaani vimishipa vyembamba vya damu, yakazunguka kati ya seli, kisha yakaingia mishipa ya limfu. Swali hili naletewa kila wiki. Tafadhali someni majibu yaliyotangulia.

Limfu ina protini kiasi gani, na chembe zipi?

Imechotwa wapi? Bila hilo hakuna jibu. Chumvi, glukosi na urea hukaribiana na za plazima, yaani majimaji ya damu. Kwenye protini ndipo zinapoachana. Plazima ina takriban gramu 7 kwa desilita. Limfu ya mguuni huwa na kama gramu 2, ya ini hukaribia 6 kwa kuwa kapilari za ini zina matundu makubwa.

Chembe nazo hutegemea mahali. Kabla ya kupita tezi za limfu ni chache: limfosaiti (chembe nyeupe za kinga), nyingi za aina ya T, makrofaji (chembe zinazomeza vijidudu) kidogo, na zile seli zenye matawi zinazobeba vipande vya vijidudu. Ikishatoka tezini, limfu hujaa limfosaiti karibu tupu. Chembe nyekundu zikiwa nyingi, shuku kwamba sindano imegusa mshipa wa damu. Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, ni kama hazipo, lakini fibrinojeni, protini ya kugandisha, ipo, kwa hiyo limfu huganda, ila polepole. Sampuli ya kuhesabu chembe iwekwe kwenye chupa ya EDTA, kemikali ya kuzuia kuganda.

Naomba jina la chai ya kusafisha limfu.

Hakuna. Wanaoiuza wanakula pesa zenu. Limfu husukumwa na kuta za mishipa yake, misuli na pumzi. Vali huizuia kurudi nyuma. Tembea.

Shikamoo daktari. Baba ametolewa maji kifuani, meupe kama maziwa. Ni usaha?

Marahaba. Huenda ni limfu ya utumbo iliyobeba mafuta ya chakula. Maabara waizungushe kwenye mashine: usaha hutuama, juu pakabaki maji maangavu, limfu hii hubaki nyeupe. Wapime pia trigliseridi, yaani mafuta. Zikizidi miligramu 110 kwa desilita, mrija mkuu wa limfu unavuja. Msikubali mpira wa kutolea maji kifuani umwage siku nenda rudi bila mpango, maana protini, mafuta na limfosaiti vinatoka pamoja, mgonjwa anakonda na kinga inashuka.

Mama ana matende. Duka la dawa wamempa vidonge vya kukojoza, mguu haupungui.

Na hautapungua kwa vidonge hivyo. Vinatoa maji, protini ya limfu iliyokwama inabaki kwenye nyama na kuyavuta tena. Aache kujinunulia. Aoshe mguu kila siku kwa sabuni na maji safi, akaushe vizuri katikati ya vidole, auinue akiketi au akilala, na achezeshe kifundo cha mguu. Mchubuko mdogo utibiwe siku hiyo hiyo, kwa sababu bakteria huingilia hapo. Mguu ukiwa mwekundu, wa moto, na homa ikapanda, mpelekeni kituo cha afya usiku huo huo.