Mwanangu, Qin Haikuangushwa na Mvua

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Umeniuliza iweje dola ya Qin, iliyomeza falme sita za China kati ya mwaka 230 na 221 KK, isambaratike kabla ya kutimia miaka minne tangu mfalme wake wa kwanza afariki. Umesema mlifundishwa kwamba sababu ni ukatili, na mvua iliyowachelewesha askari fulani. Ukatili ulikuwepo, sibishi. Ila ukatili huohuo ulikuwepo Qin iliposhinda, kwa hiyo peke yake hautoshi kueleza kwa nini ilishindwa.

Nianze na hiyo mvua. Mwaka 209 KK wanaume 900 walikuwa safarini kwenda kulinda mpaka huko Yuyang, karibu na Beijing ya leo. Walipofika Dazexiang, katika jimbo la sasa la Anhui, mvua ikawafungia njia. Chen Sheng na Wu Guang, viongozi wa vikosi, wakawaambia wenzao kuwa adhabu ya kuchelewa ni kifo, basi heri wafe wakipigana. Ndivyo alivyoandika mwanahistoria Sima Qian karne moja baadaye, akiwa mtumishi wa ukoo wa Han uliorithi nchi kutoka kwa Qin. Lakini mwaka 1975, huko Shuihudi mkoani Hubei, lilifukuliwa kaburi la karani wa Qin aliyezikwa na vipande vya mianzi zaidi ya 1,100, vingi vikiwa vya sheria. Kifungu cha shokoa, yaani kazi za lazima za serikali, kinasema hivi: ukichelewa siku 3 hadi 5, unakaripiwa, siku 6 hadi 10, faini ya ngao moja, ukizidi siku 10, faini ya deraya moja. Mvua ikizuia kazi, wito unafutwa. Hicho ni kifungu cha shokoa, si cha ulinzi wa mpaka, kwa hiyo usikibebeshe mzigo usio wake. Hata hivyo kinakuonyesha serikali ya namna gani ile: ya makarani waliohesabu siku, ngao na deraya.

Na hapo ndipo ninapotaka uangalie. Qin ilikuwa serikali ya amri iliyoandikwa na kupigwa mhuri. Mikoa 36, na kila mmoja ukisubiri waraka kutoka mji mkuu, Xianyang. Askari alipanda ngazi, zilikuwa 20, kwa vichwa vya maadui alivyoleta, naye akapata shamba na kiwanja cha nyumba. Mwaka 221 KK maadui wa ndani waliisha, lakini mashine haikuzimwa. Watu waliendelea kuitwa: kaburi la mfalme huko Lishan, jumba la Epang, barabara, ukuta wa kaskazini. Jemadari Meng Tian alikuwa na askari 300,000 mpakani kaskazini, na jeshi jingine kubwa lilikuwa limezama kusini, Lingnan. Kitovu cha dola kikabaki chepesi. Waasi walipofika karibu na mji mkuu, jemadari Zhang Han hakuwa na askari wa kutosha wa kuita. Ikabidi aombe wafungwa waliokuwa wakijenga kaburi la Lishan wasamehewe na wapewe silaha.

Sasa twende kwenye mhuri wenyewe. Mwaka 210 KK Mfalme wa Kwanza alikufa safarini, mahali paitwapo Shaqiu. Kwa masimulizi ya Sima Qian, alikuwa ameacha barua ya kumwita mwanawe mkubwa, Fusu, aje Xianyang kumzika. Barua ilifungwa na kupigwa mhuri, lakini haikupelekwa. Ilikuwa mikononi mwa Zhao Gao, mtunza mhuri. Waliojua kuwa mfalme amekufa ni yeye, waziri mkuu Li Si, Huhai, mwana mdogo wa mfalme, na matowashi watano au sita. Chakula kiliendelea kuingizwa kwenye gari la maiti kama kawaida. Joto lilipozidi na maiti ikaanza kunuka, waliamuru magari ya msafara yapakie samaki wa chumvi, kiasi cha kilo 30, ili harufu ichanganyike. Fikiria dola kubwa kuliko zote za zama zile upande ule, inasafirishwa chini ya harufu ya ng'onda. Fusu alitumiwa barua ya uongo ikimwamuru ajiue. Meng Tian, aliyekuwa naye mpakani, alimsihi athibitishe kwanza, lakini Fusu akakataa, akajiua. Kuna maandishi mengine ya mianzi, yaliyoko sasa Chuo Kikuu cha Peking, yanayodai kuwa mfalme mwenyewe alimkubali Huhai. Hata ukiyafuata hayo, tatizo ni lilelile: waraka wenye mhuri haukuwa na njia ya pili ya kuuhakiki.

Baada ya hapo Huhai alitawazwa, akawaua ndugu zake, wana wa mfalme 12 sokoni Xianyang. Mwaka 208 KK Li Si alikatwa vipande viwili kiunoni. Mwaka uliofuata Zhao Gao alileta kulungu mbele ya mfalme akamwita farasi, kisha akawaandama waliosema ni kulungu. Kisa hicho hupendwa sana, lakini kuna kingine ninachokiona kizito zaidi.

Mwaka huohuo wa 207 KK, Xiang Yu, jemadari wa waasi, alilivunja jeshi la Qin huko Julu. Alizamisha mashua zake, akavunja masufuria, akawaachia askari chakula cha siku tatu tu. Hata hivyo Zhang Han alibaki na watu zaidi ya 200,000. Akamtuma ofisa wake, Sima Xin, kwenda Xianyang kuomba maelekezo. Sima Xin alikaa langoni mwa ikulu siku tatu. Zhao Gao hakumpokea. Akaogopa, akarudi kwa njia nyingine, na waliotumwa kumfuata njia ya awali hawakumpata. Akamwambia Zhang Han: tukishinda tutaonewa wivu, tukishindwa tutauawa. Zhang Han akasalimu amri. Jeshi la mwisho la kutegemewa likapotea kwa sababu langoni hapakuwa na mtu wa kulijibu, wala Zhang Han hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Chen Sheng alikuwa amekwisha kuuawa na mwendesha gari lake mwenyewe kabla ya hapo, kwa hiyo usimpe sifa yote.

Zhao Gao alimlazimisha Huhai ajiue, kisha naye akauawa na Ziying, mrithi wa Huhai, aliyetawala siku 46 tu, tena kwa cheo cha mfalme wa Qin, si wa China nzima. Liu Bang, kiongozi mwingine wa waasi ambaye baadaye alianzisha ukoo wa Han, aliingia kutokea kusini kupitia lango la mlimani la Wuguan. Ziying akamngojea kando ya barabara na gari jeupe, farasi weupe, kamba shingoni, mhuri mkononi.

Makamanda wa Liu Bang walikimbilia hazina za dhahabu na hariri. Msaidizi wake, Xiao He, aliingia ofisi za nyaraka, akachukua sheria, ramani na daftari za kaya. Kwa nyaraka hizo Liu Bang alijua ngome ziko wapi na kila wilaya ina watu wangapi, wakati Xiang Yu alikuja baadaye akachoma majumba ya Xianyang.

Baba yako