Jibu: Chupa yenye tundu bado inamwaga maji ikiangushwa

Jambo mwalimu. Kwa hiyo wanafunzi wako pale Goma walitoboa chupa ya plastiki, wakaiachia toka etaji ya kwanza, na kwenye video maji bado yanaonekana yakitoka, wakati uliwaambia yatakatika kwa kuwa chupa na maji vinaanguka pamoja, maji hayasukumwi tena kutoka tunduni.

Kwanza rudia hiyo video, ukazie macho tundu lenyewe, si mkia wa maji. Maji yaliyotoka kabla ya kuachia nayo yanaanguka sambamba na chupa, ndiyo maana mchirizi unaonekana kama haujakatika. Darasa langu hapa Bukavu lilibishana sana juu ya hilo. Dawa yake: ziba tundu kwa kidole, ukitoe pale pale unapoachia.

Kifuniko kiwe wazi. Kikifungwa, maji yanaweza kukatika hata chupa ikiwa mkononi, na mtoto mjanja atakuumbua. Jaza chupa pia. Ikiwa nyepesi hewa inaipunguza mwendo. Usiisukume.

Mita 3 zinakupa kama sekunde 0.8 tu, basi rekodi kwa mwendo wa polepole kama telefone yako inao.

Wakiuliza kuhusu kituo cha anga, ambako vitu vinaelea, waambie nacho kinaanguka vilevile, ila kinakwenda mbele karibu kilomita 7.7 kwa sekunde, kwa hiyo hakifiki chini. Huko mwanaanga Don Pettit alitikisa chumvi ndani ya mfuko wa plastiki, ikajishika vibonge yenyewe.

Halafu tandika gunia la mchanga. Kwa mawe yenu ya volkano chupa haidumu.