Kwa nini "Pretty Polly" yetu inasikika kama wimbo wa harusi?

Swali: Tuko watatu, fidla, banjo na gitaa, tunaishi Virginia. Tunajifunza nyimbo za kale za milima ya Appalachia, hasa zile zinazosimulia mauaji. "Pretty Polly" tunaipiga katika G, lakini inachangamka kama ya harusini, na mwimbaji wetu analalamika kwamba gitaa linamvuta asikotaka. Tumekosea wapi?

Jibu: Mwimbaji wenu ana masikio mazuri, mfuateni. Kinachowaharibia ni noti moja, B. G meja ya kawaida kwenye gitaa ina B ndani yake, na banjo iliyotyuniwa G ya kawaida ina uzi wa pili unaolia B hata bila kushikwa. Mahadhi ya wimbo huu hayakai hapo. Waimbaji wengi wa kale huigusa noti hiyo chini zaidi, kwenye B bemoli (nusu hatua chini ya B) au katikati, mahali ambapo piano haina kitufe. Sauti inashuka, vyombo vinabaki juu.

Anzeni na banjo. Kazeni uzi wa pili nusu hatua tu, kutoka B hadi C. Kuanzia uzi wa tano mtakuwa na G-D-G-C-D, mtyuno ambao wapigaji wa milimani huupa jina la kiwanda cha kupasua mbao. Ile C inaning'inia, haifurahi wala hailii, na wimbo huu unaitaka hivyohivyo.

Kwenye gitaa, shikeni freti ya tatu ya uzi wa sita na mzime uzi wa tano kwa kidole hichohicho. Wa nne na wa tatu viacheni wazi. Wa pili na wa kwanza, freti ya tatu. Zinabaki G na D peke yake. Besi ipishane uzi wa sita na wa nne. Kaeni hapo karibu wimbo mzima. F mnaweza kuigusa pale mahadhi yanaposhuka, ila D meja iacheni kabisa, kwa sababu F shapu yake itagombana na F ya mwimbaji. Kama G haimkai kooni, fungeni kapo, kile kibano cha kubana nyuzi, freti ya pili kwenye banjo na gitaa, na uzi mfupi wa banjo upandishwe hadi A.

Fidla isitafute sauti ya pili tamu. Ipige mahadhi yaleyale ya mwimbaji, chini yake, na uzi wa jirani ukivuma wazi. Msikilizeni G. B. Grayson katika "Ommie Wise" ya mwaka 1927: anaimba na kupiga fidla mwenyewe, na vyote viwili vinatembea njia moja.

Sasa uimbaji, ambako bendi nyingi nzuri huanguka. Willie, mpenzi anayemuua Polly, anapomwonyesha kaburi alilokwisha kulichimba, kila mtu hutamani kupunguza mwendo na kunong'ona. Msifanye hivyo. Mdundo usiyumbe, sauti isiigize. Msikilizaji ataogopa zaidi akiona hakuna kinachosimama kumsaidia Polly. Solo ya fidla iwekeni mapema, wakiwa bado wanapita mabondeni, halafu isirudi mpaka Polly azikwe.

Polly ametoka kwenye karatasi za nyimbo zilizouzwa Uingereza karne ya 18. Lakini mkifika kwenye "Tom Dooley", kumbukeni Laura Foster alikuwa binti wa kweli, aliyeuawa North Carolina mwaka 1866, na Tom Dula, ndiye Dooley wa wimbo, alinyongwa kwa kosa hilo tarehe 1 Mei 1868. Toleo lililovuma mwaka 1958 halimtaji Laura hata jina. Mimi humtaja kabla ya kuanza, na nawaomba nanyi mmtaje.

Mwisho wa "Pretty Polly" msiweke ile mbwembwe ya kufungia ngoma za kuchezea. Gitaa na fidla vinyamaze, banjo igonge G na D mara moja, ziachwe zififie zenyewe.