Mashujaa au taharuki? Jibu langu kwa dada wa Malindi

Dada yetu wa Malindi ameuliza mambo mawili. La kwanza, je, muvi za mashujaa zimekwisha ladha? La pili, akikodi projekta usiku wa Idd pili awawekee wapwa na binamu zake kitu gani, maana nusu yao wanataka Avengers, lile kundi la mashujaa wa kampuni ya Marvel, na nusu wanataka picha ya kukaa roho juu. Wengi mmemjibu kwa mstari mmoja. Mimi naomba nafasi nijibu kwa kirefu, kwa sababu ujana wangu mwingi nimeupitisha katika banda la vidio la ami yangu hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Kazi yangu ilikuwa kukusanya pesa mlangoni, kushika waya zikilegea, na kukaa ubavuni mwa skrini. Ukikaa pale picha huioni vizuri, lakini nyuso za watu waziona zote.

Na nyuso zile zilinionyesha kwamba ukubwa wa vita hauwatulizi watu. Unaweza kubomoa mji mzima kwenye skrini na mtu akaendelea kumenya karanga. Anayeacha karanga ni yule anayejua jambo ambalo steringi bado hajalijua.

Muvi za mashujaa nazipenda, na wanaoziita za kitoto siwaungi mkono. Usiku tulioonyesha Avengers: Endgame, watu walisimama juu ya mabenchi pale Captain America alipoiita nyundo ya Thor ikaja mkononi mwake. Fundi mmoja wa majahazi, mtu mzima na kofia yake ya vito, alimkumbatia kijana aliyeketi naye kwa furaha. Sasa tujiulize kelele ile ilitoka wapi. Mwaka 2015, katika Age of Ultron, mashujaa wamo karamuni wanajaribu kuiinua nyundo ile mmoja baada ya mwingine, hakuna anayeiweza. Inapofika zamu ya Captain inasogea kidogo tu, na Thor anabadilika uso. Hakuna aliyeeleza zaidi. Tukangojeshwa miaka minne. Katikati yake ikaja Infinity War, 2018, ikaisha nusu ya viumbe wamekuwa vumbi, na mwaka mzima watu wakabishana barazani nani atarudi na nani ndiyo basi. Endgame ina dakika 181 na iliingiza zaidi ya dola bilioni 2.79 duniani. Kwangu mimi, pesa zile ni malipo ya kungoja.

Kwa hiyo dada, ladha haikwisha yenyewe. Waliiondoa walipoondoa kungoja. Siku hizi shujaa akifa, analetwa mfano wake kutoka ulimwengu mwingine, na kifo kimekosa uzito. Juu ya hayo, tangu 2021 wakaongeza misururu ya runinga kama WandaVision na Loki, ukikosa mmoja huelewi muvi inayofuata. Mtu anayenunua bando la siku atafuata vyote hivyo vipi? Mwaka 2023 The Marvels ikaingiza takriban dola milioni 206, pato dogo kuliko muvi yoyote ya ukoo wa Marvel. Naona wengine humu mnawatupia lawama waigizaji kwa kuwa ni wanawake. Hilo nalikataa kabisa. Iman Vellani, yule aliyemwigiza Kamala Khan, binti wa Kiislamu anayeswali na kugombana na mamake kama mabinti wetu, ndiye aliyeibeba picha ile. Kilichoiangusha ni kwamba mtazamaji hakuwa na lolote la kuhofia.

Chukua Black Panther ya 2018. Wengi wanakumbuka nguo, Lupita, na fahari ya Wakanda, ile nchi ya Kiafrika ya kubuni, na kweli nguo zile zilimpa Ruth E. Carter tuzo ya Oscar. Lakini pigano lililowanyamazisha watu Langoni ni la pale kwenye maporomoko ya maji. T'Challa, yaani Black Panther mwenyewe, ananyweshwa dawa ya kumwondolea nguvu, anabaki mtu kama wewe, halafu ndipo anapigana. Mara ya kwanza anamshinda M'Baku, anayeutaka ufalme wake. Mara ya pili anakuja Killmonger, naye anautaka, na sasa dawa ile unaijua, unajua imefanya nini mwilini mwake, na kila ngumi inakuuma wewe. Mwishoni wanapigana tena wakiwa na nguvu zao zote na mavazi ya kumeta, na pale niliona watu wakianza kutafuta viatu.

Au Spider-Man: Homecoming ya 2017, ambayo nadhani ina dakika bora kuliko zote za muvi za Marvel, na ndani yake hakuna anayeruka wala kurusha kitu. Peter, yaani Spider-Man mwenyewe, anakwenda kumchukua msichana ampeleke dansi ya shule. Anabisha, mlango unafunguliwa na babake msichana, naye ni Michael Keaton, yule adui mwenye mabawa aliyekuwa akipambana naye. Peter ameshamjua. Yeye bado hajamjua Peter. Wanaingia garini wote watatu, baba anaendesha. Msichana, bila nia mbaya, anaanza kusimulia jinsi Peter anavyopotea kila kukitokea tatizo. Baba anamtazama kwenye kile kioo cha kutazamia nyuma. Anauliza swali moja la kawaida. Kisha jingine. Wanasimama kwenye taa za barabarani, taa nyekundu imempiga usoni, na unaona mahesabu yanavyokaa sawa kichwani mwake. Taa inageuka kijani, uso wake unakuwa kijani, naye haondoi gari. Amejua. Dada, ukiwaonyesha wapwa zako sehemu hii, geuka uwatazame wao. Utaona hakuna anayepepesa.

Alfred Hitchcock, mwongozaji wa picha za taharuki, aliwahi kumweleza jambo hili mwenzake wa Ufaransa, François Truffaut, na mazungumzo yao yakatolewa kitabu 1966. Watu wamekaa mezani wanaongea mambo ya kawaida, chini ya meza mna bomu. Ikiwa mtazamaji halijui, litalipuka na atashtuka sekunde 15. Ikiwa amemwona aliyelitega, anajua litalipuka saa saba, na saa ya ukutani inaonyesha saa saba kasorobo, basi maongezi yale yale yasiyo na maana yanampa dakika 15 za kutaka kupiga kelele. Mimi huipima kila picha kwa meza hiyo. Gari la Homecoming ni meza yenye bomu. Vita vingi vya mashujaa vya siku hizi ni bomu juu ya bomu bila meza.

Sasa nije kwenye picha za taharuki zenyewe, na hapa nina mengi kuhusu Jaws. Ni ya 1975, ya Steven Spielberg, na ami aliiweka mara nyingi kwa sababu wavuvi waliiomba. Papa wa mashine aliyetengenezwa kwa ajili ya picha ile aliharibika mara kwa mara kwenye maji ya chumvi, ikabidi Spielberg apige picha bila papa. Ndiyo maana inapita zaidi ya saa moja kabla hujamwona sawasawa. Badala yake unapewa muziki wa John Williams, sauti mbili tu zikirudiarudia, na baadaye mapipa ya manjano waliyomfunga papa kwa kamba. Pipa likiibuka, ujue yuko chini yake. Wavuvi wetu wanaotega jarife, ule wavu mkubwa, hawakuhitaji maelezo. Kuna mmoja kutoka Matondoni alikuwa akiinua kidole kila pipa likitokea, bila kusema neno, na safu nzima ya mbele ikawa inamtazama yeye na skrini kwa zamu.

Na kuna kisa kingine ndani yake ambacho mtu wa Malindi atakielewa upesi kuliko mtu wa bara. Mkuu wa polisi anataka kufunga ufuo, meya anakataa, kwa sababu msimu wa wageni umefika na mji unaishi kwa wageni. Sisi tunajua maana ya msimu kuharibika. Kwa hiyo meya yule hakuonekana zumbukuku kwetu. Watu walibishana juu yake kwa dhati, wengine wakimtetea, mpaka yule mtoto aliporudi majini na boya lake la mpira. Hapo bibi mmoja aliyekuja kumfuata mjukuu wake akasimama mlangoni akaiambia skrini kwa Kiamu, “Ndoo (njoo) huku mwanangu, ndoo!” Hakuna aliyecheka.

Captain Phillips ya 2013 nayo sisi huku tunaitazama kwa namna yetu. Meli ile, Maersk Alabama, ilikuwa inakuja Mombasa ilipovamiwa Aprili 2009. Mwongozaji Paul Greengrass aliwatenga waigizaji wa Kisomali na Tom Hanks wasionane kabisa mpaka siku ya kuigiza uvamizi wa chumba cha unahodha, ili hofu iwe ya kweli. Barkhad Abdi, ambaye hakuwahi kuigiza kabla ya hapo, akashinda tuzo ya BAFTA ya Uingereza. Lakini kwetu lililoumiza ni dakika za mwanzo, vijana wakichaguliwa ufuoni na kile kiboti kidogo kikipigana na mawimbi. Lamu imeonja matokeo ya mambo yale: utekaji wa 2011, hoteli kufungwa, kisha wavuvi kukatazwa kuvua usiku. Picha ilipokwisha watu walikaa wakiongea kuhusu mashua, injini na njaa, na kuhusu Tom Hanks hawakuongea sana. Kwa usiku wa Idd usiiweke. Ni nzito, iache kwa siku nyingine.

Kuhusu kutafsiriwa, kwa sababu kuna aliyeshauri utafute nakala yenye DJ, yaani msimulizi anayeifasiri picha kwa Kiswahili juu ya sauti yake. DJ Afro kwa muvi ya ngumi ni raha tupu, nami hucheka mpaka mbavu ziume. Ila picha ya taharuki inaishi kwa kimya chake. Ukiwekewa sauti juu yake, dakika ya bomu chini ya meza inakuwa ya vichekesho. Tafuta nakala ya lugha yake yenye maandishi ya chini.

Basi ningekuwa mimi ningepanga hivi. Baada ya magharibi, watoto wote wakiwepo, weka Homecoming. Waliotaka mashujaa wamepata, na lile gari litawaonjesha wenzao wanachokitaka. Wadogo wakishalala, weka Drishyam, ya Ajay Devgn na Tabu, 2015, iliyotokana na ile ya Kimalayalam ya Mohanlal ya 2013. Watu wetu wa Pwani na picha za Kihindi hawahitaji kubembelezwa. Ni mtu wa Goa mwenye biashara ya kebo, shule aliachia darasa la nne, elimu yake yote imetoka kwenye filamu. Familia yake inaingia katika balaa la kifo cha mtoto wa mkuu wa polisi, naye anaanza kupanga ushahidi: tiketi ya basi, chumba cha hoteli, chakula, sinema, tarehe 2 na 3 Oktoba. Wewe mtazamaji umeyaona yote, polisi hawajayaona, na unajikuta unamwombea dua mtu anayedanganya. Chanzo cha balaa ni kijana aliyempiga picha binti akioga, jambo ambalo limeonyeshwa kwa staha, lakini ndiyo sababu nimesema wadogo walale. Kuna mahali pia mtoto mdogo anapigwa na polisi. Mwenye moyo mwepesi mwambie mapema. Ina zaidi ya saa mbili na nusu, kwa hivyo kahawa iwe tayari.

Jaws waachie wakubwa peke yao, maana mtoto anauawa mapema na damu ipo.

Projekta ielekeze ukuta mweupe usio na dirisha pembeni, na spika uziweke mbele chini ya picha, zisikae nyuma ya watu. Na kama kuna binamu aliyekwisha kuiona Drishyam, mkalishe karibu nawe umwambie asifungue kinywa mpaka kile kituo kipya cha polisi kionekane na picha iishe.