Maswali ya Wiki: Kabla Hujatoboa Bodi

Barua nyingi safari hii zinazunguka jambo moja: gari la michezo la zamani libaki na vifaa vyake vya asili, au litiwe vya kisasa? Nimechagua chache. Zile zinazosema "gari langu halina nguvu, nifanyeje" bila kutaja gari, mwaka wala injini, nimeziweka pembeni. Kupiga ramli si kazi yangu.

Shikamoo fundi. Nina MGB ya 1966, iko Nyali. Nataka kung'oa pointi za distributa niweke mfumo wa elektroniki. Unashauri nini? (Mombasa)

Marahaba. Kwanza, pointi zenyewe zimekukosea nini? Wengi wanaoniuliza hili hawajafungua kifuniko cha distributa tangu wanunue gari. Pointi za MGB yako, vile vyuma viwili vinavyokata na kuunganisha umeme wa koili, zinataka mwanya wa milimita 0.35 hadi 0.40, grisi kiduchu kwenye kamu, na jicho la mtu mara kwa mara. Ukikuta upande mmoja una kishimo na wa pili una kichuguu, kagua kondensa, kile kikopo kidogo kinachopunguza cheche kwenye pointi, kabla hujazilaani.

Ukishafanya hayo na bado unataka elektroniki, sina ugomvi. Kifaa kinakaa ndani ya distributa, hakionekani, na ukikichoka unarudisha vya zamani bila kutoboa tundu hata moja. Ila gari la 1966 lina chanya ya betri kwenye bodi. MGB ziligeuzwa kuwa hasi kwenye bodi baadaye, na vifaa vingi madukani ni vya hasi. Agiza cha chanya. Mimi niliwahi kukiunga kinyume, enzi hizo nikijiona nimeshahitimu: kikatoa kamoshi kembamba, nikanunua cha pili kwa pesa yangu. Pointi za zamani zifunge kwenye kitambaa uziache ndani ya gari. Pointi zikisumbua njiani, utazipiga msasa ufike. Kifaa kikifa, utavutwa.

Nichanganye breki fluidi ya DOT 4 na DOT 5? (Nakuru)

Usichanganye. DOT 5 ni silikoni. DOT 5.1 ndiyo ndugu wa DOT 4. Soma kopo, si namba peke yake.

Nina Morgan ya miaka ya 70. Chasisi yake ya mbao imeoza upande wa mlango. Seremala wa hapa anasema atanichongea ya mvule. Nikubali? (Karen, Nairobi)

Chasisi ya Morgan haijawahi kuwa ya mbao. Yako ni ya chuma, na nenda kaiangalie kutu leo, maana mbao ikiwa imeoza na chuma cha chini yake kimelowa vilevile. Kilicho cha mbao ni fremu inayobeba bati la bodi. Kiwanda cha Malvern, Uingereza, bado kinaichonga kwa mti uitwao ash, hata baada ya kuachana na chasisi ile ya chuma mwaka 2020.

Seremala wako hajasema uongo. Mvule hauliwi ovyo na wadudu wala hauozi upesi, na ash ukilowa huoza. Kwa hilo mti wetu unashinda. Lakini ash haukuchaguliwa kwa kudumu, ulichaguliwa kwa kunepa. Ukipigwa unapokea, ndiyo maana huko kwao wanaufanya mipini ya zana. Ukitiwa mvuke unapinda unavyotaka. Mvule hautaki kupindwa hivyo, na ndani yake hujificha mawe ya chokaa. Muulize huyo seremala randa yake imeshapata mapengo mangapi kwa ajili ya mvule.

Basi kipande kilichonyooka cha chini ya mlango, weka mvule, wala sitakushtaki. Kipande cha upinde juu ya tairi la nyuma, agiza ash. Kila ncha ya mbao ipakwe dawa kabla ya kufungwa, hasa pale ilipokatwa, maana ndipo maji yanapoingilia. Hizo dawa za kisasa nazipenda, wazee wa zamani wangezipenda pia. Na kabla ya kuweka kipya, tafuta maji yaliingilia wapi. Mwaga ndoo juu ya gari, kaa ndani na tochi. Usipofanya hivyo, seremala atarudi kwako kila baada ya miaka michache na atafurahi sana.

Petroli yenye risasi haipo. Je, ninunue zile chupa za dawa kila ninapojaza tangi? (Moshi)

Haipo tangu mwanzoni mwa 2006, na gari lako limekuwa likitembea. Pima nafasi za valvu. Zile za egzosti zikizidi kubana kila unapopima, viti vya valvu, ambavyo zamani vililindwa na ile risasi, vinazama kwenye hedi. Hapo peleka hedi ikawekwe viti vigumu, uishi kwa amani. Kama hazibani, acha chupa dukani.

Nina Datsun 240Z. Njia ya shambani ni mbovu, nataka bushi zote ziwe za poliurethani. Si ndizo za magari ya Safari? (Arusha)

Hii barua hunijia kila mwezi, na kila mara jina la Safari limo. Ndiyo, 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 ikiwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, ikarudia 1973 na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Gari la mashindano hufunguliwa lote baada ya mbio. Lako utalifungua lini?

Bushi ngumu haimezi mtikisiko, inausukuma mbele. Kwenye barabara iliyokunjana kama bati, mtikisiko huo unaishia kwenye mabati yenye umri wa miaka 50, ambayo kwa 240Z yana kutu chini ya betri na sakafuni hata kama hujaiona. Weka raba mpya.

Tena sikiliza hili, maana ndilo chanzo cha raba kusingiziwa. Boliti za bushi za raba hukazwa gari likiwa limesimama kwa tairi zake. Mafundi wengi hukaza likiwa juu ya jeki. Gari likishushwa, raba inabaki imesokotwa muda wote, inachanika mapema, kisha mwenye gari anaambiwa "raba za siku hizi hazina maana, weka ngumu". Simama hapo hapo gereji wakati wa kukaza. Wakikununia, nuna nawe.

Niko Birmingham, petroli ya E10 imeanza kulainisha mipira ya mafuta ya gari langu. (Uingereza)

E10, yaani petroli yenye ethanoli hadi asilimia 10, ndiyo ya kawaida huko tangu Septemba 2021. Jaza ile ya super yenye alama E5, na badilisha mipira yote kwa inayohimili ethanoli. Mpira unaonata kidoleni haungoji wikendi.

Taa za LED kwenye Triumph yangu zitafaa? (Dar es Salaam)

Hapana. Sahani ya taa ile ilichongwa kwa ajili ya balbu ya waya. Ukitia LED ya bei rahisi, wewe unaona weupe na anayekuja mbele yako haoni kitu. Taa zako hafifu kwa sababu umeme wote unapita kwenye swichi ya zamani na waya uliochoka. Weka relei mbili, yaani swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo, waya mnene kutoka kwenye betri, na fyuzi. Hakuna atakayejua zipo.

Nimepata lainingi za breki za asili, bado kwenye boksi, za miaka ya 60. Bahati, sivyo? (Mwanza)

Si bahati. Za miaka hiyo zichukulie kuwa zina asbestosi, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Ziache humo bokseni, usizichonge wala kuzipiga msasa. Na nyote mnaosoma: vumbi la breki na klachi za zamani lisipulizwe kwa kompresa. Nimeona kijana wa gereji akilipuliza huku anaimba. Lowesha kwanza, futa kwa kitambaa, kitambaa kitupwe ndani ya mfuko uliofungwa.

MGB yangu inachemka kwenye foleni ya Mwenge. Niweke rejeta ya aluminiamu na feni ya umeme? (Dar es Salaam)

Feni, ndiyo. MGB za mwisho zenyewe zilitoka kiwandani na feni ya umeme, na waliochora ile ya mkanda hawakuijua foleni yetu. Rejeta, ngoja kwanza. Mpaka leo umekuwa ukitia maji ya kisima, nakufahamu bila kukuona. Injini ikipoa, fungua koki ya chini ya rejeta na ile ya kwenye bloku. Ya bloku ikigoma kutoa kitu, chokoa kwa waya taratibu. Safisha mpaka yatoke meupe, halafu weka kulanti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa. Kisha niandikie, uniambie ya kwanza yalitoka rangi gani.